SOMO LA SINDANO: JINSI YA KUSHONA NA KUMALIZA MAPAMBO YA KRISMASI

Kila mwaka ifikapo Novemba, maduka ya mijini huanza kutundika mapambo ya Krismasi: mipira inayong'aa, nyota za karatasi na nyuzi za fedha. Mengi ya mapambo hayo hutengenezwa kwa mashine katika nchi za mbali, na baada ya miaka miwili au mitatu huvunjika au hupoteza rangi. Lakini liko pambo jingine ambalo mtu ye yote mwenye sindano, kipande cha kitambaa na subira aweza kulitengeneza nyumbani kwake, nalo likitunzwa vizuri hukaa miaka mingi. Pambo hilo ni kitambaa kidogo kilichodariziwa kwa mshono wa msalaba, kikajazwa pamba au kuwambwa juu ya kadi, kisha kikatiwa kigwe cha kutundikia.

Somo hili lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kushona, na ya pili ni kumaliza. Wengi hujifunza ile ya kwanza kwa bidii, wakaidharau ya pili, na hapo ndipo hasara inapoingia. Kitambaa cha meza hulala chali, na upande wake wa nyuma hauonwi na mtu. Pambo la kutundikwa haliko hivyo. Upepo kidogo ukipita dirishani, pambo huzunguka kwenye kigwe chake, na mgeni aliyeketi huona mbele na nyuma. Kwa hiyo yafaa mshonaji akumbuke tangu mwanzo kwamba pambo linalotundikwa halina mgongo. Pande zake zote ni uso.

ASILI YA KAZI HII

Mshono wa msalaba ni wa kale, na hauwezi kuitwa mali ya taifa moja. Wanawake wa Palestina huupamba kwa rangi nyekundu na nyinginezo kwenye nguo zao ndefu, na mwaka 2021 Shirika la UNESCO liliiweka kazi yao ya kudarizi katika orodha ya urithi wa wanadamu. Huko Uingereza wasichana walifundishwa kudarizi herufi, tarakimu na maua katika kitambaa cha majaribio. Kimoja cha vitambaa hivyo, kilichoandikwa mwaka 1598, kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London.

Desturi ya kupamba mti ndani ya nyumba wakati wa Krismasi ilitoka Ujerumani. Mwaka 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapisha picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert wakiwa pamoja na watoto wao kando ya mti uliopambwa, na picha hiyo ilisaidia sana kueneza desturi hiyo. Katika Kenya watu wengi hutumia tawi la mti wa saiprasi.

Wala kazi ya kuhesabu tundu kwa sindano si ngeni kwetu. Kofia za viua zishonwazo kwa mkono katika pwani yetu na Unguja zataka jicho lile lile na uvumilivu ule ule. Aliyepata kushona kofia ya namna hiyo atauona mshono wa msalaba kuwa rahisi.

VITU VINAVYOTAKIWA

1. Kitambaa cha kuhesabika. Kilicho bora kwa mwanafunzi ni kile kiitwacho aida, kilichofumwa kwa miraba midogo yenye tundu katika kila pembe. Huuzwa kwa namba: namba 14 maana yake ni miraba 14 katika kila inchi moja, yaani kama miraba 55 katika sentimita 10. Asiyepata aida aweza kutumia kitani au kitambaa cho chote ambacho nyuzi zake ni sawa na zaweza kuhesabiwa kwa macho. Gunia jembamba lililofuliwa lafaa kwa kujifunzia.

2. Uzi wa pamba wa kudarizi. Kitita cha kawaida kina urefu wa mita 8, na uzi wenyewe umeundwa kwa nyuzi ndogo 6 zinazoweza kutenganishwa. Kampuni ya DMC, iliyoanzishwa Mulhouse mwaka 1746, huzipa rangi zake namba ambazo hufuatwa na washonaji wa nchi nyingi. Kwa mfano, 321 ni nyekundu, 699 ni ya kijani na 310 ni nyeusi. Faida ya namba ni kwamba uzi ukikuisha katikati ya kazi, waweza kununua rangi ile ile bila kubahatisha.

3. Sindano yenye ncha butu na jicho pana, namba 24 au 26. Sindano kali hupasua nyuzi za kitambaa. Hata hivyo, weka sindano moja kali kwa ajili ya kumalizia.

4. Mkasi mdogo mkali, pini, rula na penseli.

5. Kitambaa cha mgongo. Amerikani au pamba nzito ya rangi moja yafaa sana.

6. Kitu cha kujazia. Sufi ni nyepesi na laini. Pamba safi pia yafaa. Usijaze matambara, maana hufanya vinundu.

KUKATA KITAMBAA NA KUTAFUTA KATI

Mfano wa somo hili ni mti mdogo uliozungukwa na mpaka mwekundu. Mpaka una miraba 25 kwa upana na miraba 30 kwa urefu. Ukigawanya kwa 14 utapata upana wa sentimita 4 na nusu, na urefu wa karibu sentimita 5 na nusu. Hesabu hii ya kugawanya idadi ya miraba kwa namba ya kitambaa ndiyo ya kwanza kufanywa katika kila mfano, kabla mkasi haujagusa kitambaa. Wengi hukata kwanza wakahesabu baadaye, na mpaka ukawafikia ukingoni bila nafasi ya upindo.

Kata kipande cha sentimita 12 kwa 13. Huenda ukaona kuwa ni kikubwa, lakini nafasi ya pembeni ni ya kushikia kwa vidole na kwa upindo wa mwisho. Zungushia kingo uzi wa kawaida ili zisifumuke. Kisha kunja kipande mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu, ukifungue. Mahali mikunjo inapokutana ndipo kati. Piga bandi kwa uzi wa rangi hafifu kufuata mikunjo yote miwili. Bandi hizo zitafumuliwa mwishoni.

KUANZA UZI BILA FUNDO

Usifunge fundo. Fundo hutokeza uvimbe mbele na hung'oka wakati wa kufua. Fanya hivi: kata uzi wa mita moja, utenge uzi mdogo mmoja tu kati ya zile sita, uukunje katikati, na ncha zake mbili uzipitishe pamoja katika jicho la sindano. Upande wa pili utabaki na kitanzi. Toboa kutoka nyuma kuja mbele bila kuvuta uzi wote, kisha rudisha sindano nyuma kupitia tundu la pili, uipitishe ndani ya kitanzi, uvute polepole. Uzi umeshikwa, nao una nyuzi ndogo mbili, unene unaofaa kitambaa namba 14.

Uzi ukiisha, pitisha sindano chini ya mishono minne au mitano ya upande wa nyuma, ukate karibu kabisa. Uzi mpya usioweza kuanzwa kwa kitanzi uanzwe kwa njia hiyo hiyo.

JINSI YA KUSHONA MSALABA

Kila mraba una tundu nne. Toka chini kushoto, ingia juu kulia. Huo ni mguu wa kwanza. Kisha toka chini kulia, ingia juu kushoto. Huo ni mguu wa pili, na msalaba umetimia.

Ukiwa na misalaba mingi katika mstari mmoja, shona kwanza miguu ya kwanza yote kutoka kushoto kwenda kulia, halafu urudi kutoka kulia kwenda kushoto ukiikamilisha. Njia hii huokoa uzi, na upande wa nyuma huonekana vijistari vilivyosimama sawasawa.

Sheria kubwa ni moja: mguu wa juu katika kila msalaba uelekee upande mmoja katika kazi nzima. Uzi wa pamba hung'aa kidogo, na mng'ao wake hufuata upande ulikolazwa. Msalaba mmoja uliogeuzwa kati ya mia huonekana kama doa, hata kama mtazamaji hajui sababu yake.

Usivute kwa nguvu. Tundu zikianza kupanuka, umekaza mno. Uzi ukijisokota, iachie sindano ining'inie, nao utajisokotoa wenyewe.

MFANO WETU: MTI MDOGO

Mti wenyewe una misalaba 17 kwa upana na mistari 22 kwa urefu, pamoja na nyota na shina. Kutoka kwenye bandi ya ulalo, hesabu miraba 11 kwenda juu katika safu ya katikati. Mraba wa kumi na moja ndio kilele cha nyota. Kutoka hapo shuka mstari kwa mstari, na kila mstari uwe na idadi sawa kushoto na kulia ya safu ya katikati:

Nyota, kwa manjano: 1, 3, 1.

Tawi la juu, kwa kijani: 1, 3, 5, 7, 9.

Tawi la kati, kwa kijani: 5, 7, 9, 11, 13.

Tawi la chini, kwa kijani: 9, 11, 13, 15, 17.

Shina, kwa kahawia: mistari 4 ya misalaba 3.

Katika mstari wa mwisho wa kila tawi acha wazi mraba wa tatu kutoka kila upande. Nafasi hizo sita zijaze kwa nyekundu, ziwe kama matunda. Baada ya hapo acha miraba mitatu mitupu kila upande, yaani juu ya nyota, chini ya shina, na kushoto na kulia ya tawi pana, kisha shona mpaka mwekundu wa mstari mmoja. Mpaka ukikutana sawasawa kwenye pembe ya mwisho, hesabu yako ilikuwa sahihi. Usipokutana, tafuta kosa katika mpaka wenyewe kabla ya kuulaumu mti.

Jumla ni misalaba 258: kijani 129, nyekundu 112, kahawia 12 na manjano 5. Uzi wa nusu mita uliokunjwa hushona kama misalaba 45, ukitoa ncha za kufichwa. Basi kijani chataka nyuzi 3 za namna hiyo, na nyekundu 3. Kitita kimoja hutoa nyuzi 48, kwa hiyo kitita kimoja cha kijani na kimoja cha nyekundu vyatosha miti 16. Hapo msomaji ataona kwamba uzi si gharama kubwa ya kazi hii. Gharama kubwa ni saa za mshonaji, na saa hizo ndizo zinazopotea pambo likimalizwa vibaya.

UPANDE WA NYUMA

Ingawa upande wa nyuma utafunikwa, usiwe ovyo. Uzi wa rangi nzito ukirushwa kutoka mahali pamoja hadi pengine nyuma ya kitambaa cheupe, huonekana mbele kama mshipa chini ya ngozi. Usiruke zaidi ya miraba mitatu au minne. Unapokwenda kutoka tunda hadi tunda, pitisha sindano chini ya mishono ya kijani iliyokwisha kushonwa. Ukiona mahali ni mbali, kata uzi uanze upya. Pia vinundu vya nyuma hutokeza mbele kitambaa kikijazwa sufi.

KUFUA NA KUPIGA PASI

Mikono yenye kushika kazi kwa siku kadhaa huacha mafuta na vumbi. Fumua bandi, kisha loweka kipande katika maji baridi yenye sabuni kidogo, ukibonyeze polepole bila kusugua na bila kukamua. Uzi mwekundu hutazamwa kwa makini. Ukiona maji yanageuka rangi, endelea kusuuza kwa maji baridi mapya hata yawe meupe, wala usikipige pasi kabla rangi haijakoma, kwa sababu joto huigandisha doa. Ni busara kujaribu uzi mpya kwa kuulowesha juu ya kitambaa cheupe kabla ya kuanza kazi.

Kikauke kivulini hadi kibaki na unyevu kidogo. Tandika taulo nene, ulaze kazi kifudifudi, upige pasi upande wa nyuma. Kwa njia hiyo misalaba huzama katika taulo na kubaki imetuna. Pasi ikipita mbele, misalaba hulala bapa, na uzuri wake hupungua. Anayetumia pasi ya makaa aifute kwanza chini, maana cheche moja ya majivu yatosha kuharibu kazi ya siku mbili.

KUMALIZA: NJIA YA MTO

Kwanza tengeneza kigwe. Chukua uzi mwekundu wa mita moja wenye nyuzi zake zote sita. Funga ncha moja kwenye msumari, uvute, uusokote upande mmoja mpaka uanze kujikunja wenyewe. Shika katikati, ulete ncha mbili pamoja, kisha uachie. Uzi utajizungusha na kuwa kigwe imara. Funga ncha fundo, ukate kipande cha sentimita 18, na mahali ulipokata pafungwe fundo jingine upesi.

Sasa kata amerikani iwe sawa na kitambaa kilichodariziwa. Laza kipande cha mbele uso juu. Kunja kigwe katikati, mafundo yake yakae kwenye ukingo wa juu, katikati kabisa, na kitanzi kielekee ndani juu ya mti. Funika kwa amerikani na ubane kwa pini. Kwa sindano kali na uzi mweupe shona kwa mshono wa kurudi nyuma, miraba miwili nje ya mpaka. Miraba hiyo yenyewe ndiyo itakayokuongoza, hivyo shona ukikitazama kitambaa cha aida na si amerikani. Pitia mara mbili mahali penye kigwe. Upande wa chini acha mlango wa sentimita 3.

Punguza kingo zibaki sentimita moja, na kila pembe ikate mshazari bila kugusa mshono. Usipokata pembe, pambo litakuwa na masikio manene. Geuza, usukume pembe kwa kijiti butu. Jaza sufi kidogo kidogo, kwanza pembeni, halafu katikati, hata pambo liwe nono lakini lisipasue mshono. Kunja kingo za mlango ndani, uzifunge kwa mishono midogo iliyofichwa ndani ya mkunjo. Hapo ndipo mshonaji mvivu hujulikana: hufunga mlango kwa mishono mikubwa ya juu juu, na kila atazamaye chini huiona.

Ukipenda, dariziwa iwe pia amerikani ya mgongo kabla ya kuunganishwa: herufi za jina la mtoto, au mwaka. Pambo lenye mwaka huwa kumbukumbu, na wanaozoea kununua moja kila mwaka hurudi kwa mshonaji yule yule.

KUMALIZA: NJIA YA KADI

Asiyependa mto aweza kuwamba kazi juu ya kadi ngumu. Kata kadi mbili zilizo sawa kabisa, sentimita 5.3 kwa 6.2. Juu ya kadi ya kwanza tandaza pamba nyembamba, kisha ulaze kitambaa kilichodariziwa. Geuza, kunja kingo nyuma, na kwa uzi imara uzivute kutoka upande hadi upande kama mtu afungavyo kamba za viatu, kwanza kulia na kushoto, kisha juu na chini. Tazama mbele kila mara ili mpaka usiende upogo. Fanya vivyo hivyo kwa amerikani na kadi ya pili. Weka kadi mgongo kwa mgongo, kigwe kikiwa kati, ushone kingo pande zote kwa mishono midogo.

Wengi hutumia gundi badala ya uzi. Gundi ni ya haraka, lakini mara nyingi huacha madoa ya manjano baada ya muda, na kadi ikipata unyevu huachana. Ukiitumia, isifike chini ya sehemu iliyodariziwa.

BEI NA WAKATI

Tuchukue mfano wa mabibi wawili waliopeleka mapambo sokoni mwezi wa Desemba ili kupata fedha za kuanzia shule mwezi wa Januari. Wote wawili walishona mti ule ule, na mbele haungeweza kutofautisha kazi zao. Mnunuzi akaja, akashika la kwanza, akaligeuza. Akaona nyuzi zinazochungulia, mlango ulioshonwa kwa haraka, na kigwe kilichobandikwa kwa gundi. Akalirudisha mezani. Akashika la pili, akaligeuza, akauliza bei. Yule bibi wa kwanza hakukosa ufundi wa kushona. Alikosa saa moja ya mwisho, nayo ikamchukulia zile zote zilizotangulia.

Basi ni lazima saa hiyo ihesabiwe katika bei. Tuseme washona misalaba 100 kwa saa. Misalaba 258 yataka saa 2 na nusu na kidogo, na kumaliza kwataka karibu saa moja. Jumla ni kama saa 3 na nusu. Tuseme vitu vya mapambo 16 vilikugharimu Sh. 800, yaani Sh. 50 kila pambo, nawe waihesabu saa yako kuwa Sh. 60. Kazi ni Sh. 210, ukijumlisha na vitu ni Sh. 260. Mtu akikuambia chukua Sh. 100, ujue kwamba amelipa vitu, na dakika 50 tu za kazi yako. Saa 2 na dakika 40 umempa bure. Kila mmoja aweke bei za mahali pake, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo.

Ikiwa wanunuzi wa kwenu hawawezi bei hiyo, usipunguze umaliziaji. Punguza misalaba. Mti usio na mpaka una misalaba 152 tu, nao hushonwa kwa saa moja na nusu. Ni heri pambo dogo lililomalizwa vema kuliko kubwa lililoachwa njiani.

Wakati nao uhesabiwe. Mapambo 30 yenye mpaka yataka saa 105. Anayepata saa 3 kila siku atatumia siku 35. Akitaka yawe tayari tarehe 10 Desemba, imempasa kuanza tarehe 5 Novemba, wala hiyo haina siku ya mgonjwa, mvua wala mgeni. Kwa hiyo mwenye hekima huanza Oktoba.

Ndugu zetu Waislamu waweza kutumia mafundisho haya haya kwa nyota na mwezi mwandamo wakati wa Idi. Wakumbuke tu kwamba Idi hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida, hivyo kazi nayo ianze mapema kwa kadiri hiyo.

Neno la mwisho ni la usalama. Sufi na pamba hushika moto upesi. Pambo lisitundikwe karibu na mshumaa wala taa ya mafuta. Sikukuu ikipita, yafungwe katika karatasi nyeupe na kuwekwa katika mkebe mkavu, mbali na panya na mende.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mfano una miraba 42 kwa upana. Ukishonwa juu ya kitambaa namba 14, utakuwa na inchi ngapi?

2. Kwa nini mguu wa juu wa kila msalaba uelekee upande mmoja?

3. Kwa nini kazi hupigwa pasi kifudifudi juu ya taulo?

4. Utafanya nini maji ya kufulia yakigeuka mekundu?

5. Chukua pambo lo lote ulilolishona, ulitundike dirishani, ulitazame likizunguka. Ni upande gani ambao ungependa mgeni asiuone? Huo ndio upande wa kuanza kuutengeneza.